Mashini ya Kufula Ikikataa Kuwaka

Kijana msomaji, moto ulienda, ukarudi kwa nguvu, na mashini ya mama haiwake tena. Tayari umeshika turnevisi. Ngoja kidogo.

Kwanza jaribu prizi na taa ya meza. Angalia kama mlango umefungwa muzuri na robine iko wazi. Mara mingi ugonjwa ni hapo tu.

Mbele ya kufungua, ondoa fishi; kuzima buto haitoshi. Kwenye karte ya elektroniki, kondansateri kubwa inachunga moto hata kiisha kuondoa fishi. Kwa moto wa volti 220, inaweza kubaki na volti karibu 310. Hiyo inaua. Ngoja dakika 10, kisha pima na multimetri mpaka volti zifike karibu na zero. Bila multimetri, usiguse.

Kondansateri iliyovimba kichwa imeharibika. Ile mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti zisipungue, na alama ya − ikae upande wake. Fizibu ikiungua, usiweke waya pahali pake: nyumba itaungua.

Haujajifunza kusudura? Peleka karte kwa fundi. Mama atafula na mikono juma moja, lakini mtoto hauzwi sokoni. Uzima ni zawadi ya Mungu, tuuchunge.