Tupewe fomu za talaka kwa Lhukonzo na Kiswahili



Nieleze yaliyonikuta nilipokwenda kudai talaka bila wakili. Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Kisinga, mama wa watoto watatu. Mume wangu alihamia kwa mwanamke mwingine miaka minne iliyopita.

Mwalimu jirani yangu aliniandikia madai yangu kwa Kiingereza, nikapanda boda hadi barabara kuu, kisha gari hadi mahakamani. Karani aliipitishia macho karatasi yangu, akaikunja mara mbili, akanirudishia. "Mama, hii ni barua. Mahakama inataka ombi. Tafuta wakili." Nilipouliza ombi linaandikwaje, alikwisha kumwita aliyenifuata. Na wakili niliyemwendea alinitajia bei inayozidi mavuno yangu ya msimu mzima.

Mama mmoja mpiga chapa, jirani na mahakama, ndiye aliyenifungua macho. Katika ombi nilitakiwa kutaja tarehe na mahali tulipofunga ndoa, watoto na umri wao, kosa la mume na lilivyotendeka, nitamke kwamba sikula njama naye, kisha nitie sahihi kuthibitisha kuwa yote ni kweli. Kurasa mbili tu! Sheria hainilazimishi kuwa na wakili. Kwa nini maelezo hayo hayabandikwi ukutani pale tunapongojea?

Nyumbani nako wazee walishikilia kwamba kwanza mbuzi wa mahari warudi. Kaka yangu alikwisha kuanza kutafuta wa kununua. Kumbe Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi ya shirika la MIFUMI, kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilifuta ubaguzi uliokuwa katika Sheria ya Talaka ya 1904: mume ilimtosha kuthibitisha uzinzi pekee, mke alidaiwa uzinzi na kosa jingine juu yake. Wanasheria wanawake wa FIDA ndio waliopeleka kesi hiyo. Walitupigania, nasi huku milimani hatujaambiwa.

Kiswahili kimo katika Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005. Sokoni Mpondwe, mpakani, tunauziana na Wakongo kwa lugha hiyo kutwa nzima. Mlangoni mwa mahakama kinatuponyoka.

Naiomba Idara ya Mahakama ichapishe fomu ya ombi la talaka kwa Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili, iwekwe katika kila gombolola, na wenyeviti wa mabaraza ya mitaa (LC) waelezwe habari ya mbuzi. Hata nikishinda, sheria inanitaka ningoje miezi sita baada ya hukumu ya kwanza ndipo talaka ikamilike. Kungoja huko nakukubali. Kurudishwa mlangoni sikukubali.

Jumatatu ninakwenda tena, na karatasi ya pili.

Mama wa watoto watatu,
Kisinga, Kasese