Tulikwama Mkanda, tukazungumza

Wiki hii nawaletea kisa cha nyumbani kwangu.

Mwezi wa Agosti kaka yangu alikuja likizo na wifi yangu na watoto wao wawili, baada ya miaka 9 Uingereza. Ndege ilitua Manda saa sita mchana. Mama alikuwa Pate, yuko jikoni tangu alfajiri. Mimi nilitumwa kuwapokea kwa mashua ya tanga ya jirani yetu, kwa kuwa kaka mwenyewe aliomba watoto waonje safari za utotoni mwetu.

Anayeijua njia ya Pate anajua kuwa lazima upite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa unapita. Yakipwa unatazama tope. Siku hiyo ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, na maji yalijaa saa kumi alasiri. Nahodha alituambia, "Saa tisa na nusu tuwe tumeondoka."

Kaka akataka kwanza kuvuka Lamu mjini, awanunulie watoto halua, awaonyeshe shule aliyosoma. Nikamkumbusha mara mbili. "Dada, kwani bahari ina saa?" akacheka. Tuliondoka saa kumi na moja na robo. Kusi ilitusukuma vizuri, lakini maji yalishageuka. Jua linazama, mashua ikasugua mchanga. Nahodha na baharia wakashika pondo, wakasukuma, wapi! "Sasa tukae, wanangu," mzee akasema. "Hadi saa nane usiku." Nikampigia mama simu: tumekwama, tu salama.

Nilikuwa nimechukia, wala si kwa ajili ya mashua. Nilikuwa na donge la miaka 4. Baba alipofariki, kaka alituma pesa, yeye hakuja. Watoto walipolala juu ya tanga, nikalitoa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika; angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Alituficha ili mama asipate wasiwasi. Nami nikamwambia kuwa siku zote zile mama alikuwa akiniuliza mimi, "Mwanangu yuko wapi?", na sikuwa na jibu. Tulilia sote wawili, mbalamwezi inamulika tope.

Saa nane mashua ikaelea. Tuliingia Pate saa kumi alfajiri, maji yamejaa tele. Mama alikuwa hajalala. Pilau imepoa, akaipasha moto. Alijua tumekwama, hakujua tumezungumza. Kaka alimweleza mwenyewe, kabla ya kula.

Kwa hiyo, mwenye wageni wa visiwani, panga safari kwa maji, si kwa saa ya ndege. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Muulize nahodha, na akikujibu, mtii. Beba maji ya kunywa, chakula, nguo nzito za watoto, na jaketi za kuokolea maisha kwa kila mtu.

Na kama una neno na ndugu yako, mwambie mapema. Usingoje mpaka mkwame.