Je, Kila Mtoto Hudai Jino la Mamaye?

Juma lililopita karani mwenzangu alifika kazini na uso wa huzuni. Bibi yake ni mja mzito wa miezi mitano, na shavu lake lilikuwa limevimba kwa sababu ya jino, hata siku tatu hakupata usingizi. Nilipomwuliza kwa nini hajampeleka kwa daktari, alinijibu: "Mama amesema tuvumilie, maana kila mtoto hudai jino moja la mamaye."

Sikumcheka, kwa kuwa maneno hayo hayo niliyasema mimi wakati wa mimba ya kwanza ya bibi yangu. Tulivumilia, naye akapoteza magego mawili ambayo yangaliweza kuzibwa. Ndiyo sababu naandika habari hii.

Ukweli ni kwamba mtoto aliye tumboni hali chokaa ya meno ya mama yake. Chokaa anayoihitaji hutoka katika chakula cha mama, na kikipungua hutoka katika mifupa yake, wala si katika meno. Basi, meno huharibikaje? Wakati wa mimba mwili hubadilika, na fizi huvimba na kutoka damu upesi zikiguswa na uchafu. Matapishi nayo yana asidi inayolainisha meno. Tena mama husikia njaa mara kwa mara, na akiituliza kwa chai ya sukari na mandazi, vijidudu vya kinywani hupata karamu mchana kutwa.

Yampasa apige mswaki mara mbili kila siku, kwa dawa ya meno yenye floridi, hata kama fizi zatoka damu. Kuacha kutazidisha ubaya. Akitapika, asukutue kwa maji, kisha angoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Ale maziwa, maharagwe, dagaa na mboga za majani. Jino likimwuma, asingoje mpaka ajifungue. Mwezi wa nne hata wa sita ndio rahisi zaidi kwake kukaa katika kiti cha daktari wa meno, lakini maumivu na usaha hutibiwa mwezi wo wote. Amwambie daktari kuwa ana mimba, wala asinunue vidonge kwa kubahatisha. Dawa iitwayo tetrasaiklini huweza kuyatia meno ya mtoto rangi mbaya kabla hayajaota, kwa kuwa meno ya maziwa huanza kuumbika tumboni.

Jino la kwanza hutokea mtoto apatapo miezi 6 hivi, na afikapo miaka 3 huwa na meno 20. Tangu siku linapochomoza lipigwe mswaki, kwa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Mtoto asilazwe na chupa ya maziwa au chai tamu mdomoni, maana meno ya mbele ya juu yataoza. Wako pia watu ambao, mtoto akishikwa na homa na kuhara, husema ana "meno ya plastiki", wakamchimbua ufizi kwa kisu. Hayo ni meno yake halali yasiyoota bado. Kumchimbua huweza kumletea tetenasi, na hata kifo. Mtoto huyo apelekwe hospitali atibiwe homa yake.

Neno jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili: apatapo miaka 6 hivi, mtoto huota gego nyuma ya meno ya maziwa, bila jino lo lote kung'oka. Wazazi hulidhani ni la maziwa, wakaliacha lioze wakitumaini kwamba litaota jingine. Halitaota jingine, hilo ndilo la maisha.

Mabwana, nauli ya kwenda kwa daktari ni juu yetu, si juu ya mama peke yake. Rafiki yangu aliomba ruhusa siku ya pili yake, akampeleka bibi yake. Daktari alitoa usaha, na jino likaokoka. Nasikia mama mkwe, alipomwona mkaza mwanawe anatafuna mahindi ya kuchoma, hakutaja tena habari ya deni la mtoto. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.