Kabla ya Simu Mpya, Jifunze Kamera Uliyo Nayo

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini kwa status ya WhatsApp, chema hakijiuzi kama hakionekani. Ukiuza viatu vya mitumba, mteja hawezi kukunja soli wala kupima kwa mguu. Anaangalia picha tu, kisha anaamua kama atakutumia pesa ama atapita. Ndiyo maana tunasema: kabla hujachukua simu mpya ya kulipia kidogo kidogo kila siku, jifunze kwanza kutumia kamera uliyo nayo.

Anza kwa kupangusa kioo cha kamera. Vidole hukijaza mafuta, na picha hutoka na ukungu. Kisha tafuta mwanga. Jua letu la saa sita huwa karibu utosini, linaleta vivuli vikali na kufifisha rangi. Piga asubuhi, ama weka bidhaa kivulini karibu na mlango, juu ya shuka ya rangi moja. Zima flashi. Usivute kwa zuum, sogea karibu. Gusa bidhaa kwenye skrini ili kamera ijue pa kulenga. Ukituma, chagua HD, kwa sababu WhatsApp hubana picha za kawaida.

Lakini urembo una mipaka. Filta ikigeuza maruni kuwa nyekundu, mteja atalipa, ataletewa, halafu atataka pesa yake irudi. Hapo umepoteza nauli ya boda, muda na mteja mwenyewe. Kuna wanaosema ukionyesha kasoro hutauza. Hatukubaliani nao. Mtu anayelipa kabla ya kushika mzigo anaogopa kuchezwa. Picha ya pili inayoonyesha mkwaruzo wazi, na bei inayolingana nao, itamtuliza kuliko maneno matamu.

Kabla ya kupost, angalia pia kilicho nyuma ya bidhaa. Je, kuna kitambulisho mezani? Simu nyingine inaonyesha salio, ama meseji ya malipo yenye jina na namba ya mteja? Kata sehemu hiyo ama piga upya. Habari za mteja wako si za kila mtu.

Kesho asubuhi chukua bidhaa moja, uipige mara tatu: juani, kivulini na mlangoni. Linganisha, kisha post ile inayofanana zaidi na kitu chenyewe. Zoezi hili halikugharimu hata shilingi moja.