Muheto: Misumari peke yake haitashika dawati

Katika Masisi, shule zikigeuka makao ya wakimbizi wa vita, madawati mengine huishia jikoni kama kuni. Mama mwenye watoto wenye njaa si wa kulaumiwa. Lakini masomo yakianza tena, wazazi ndio wanaopigilia mapya, na wasio mafundi hukosea jambo moja: dawati likitikisika, wanaongeza misumari. Misumari mingi hupasua mbao, na ekaliptusi mbichi ikikauka inajikunja, misumari inalegea. Kinachokosekana ni mbao moja ya mshazari kila ubavu, toka chini ya mguu wa nyuma hadi juu ya mguu wa mbele, na nyingine mgongoni. Pembetatu haiyumbi. Kamati za wazazi zinunue mbao hizo kabla ya kilo nyingine ya misumari.