Wanawake Wasisubiri Kipimo cha Damu

Mwanamke anayepima VVU hutobolewa kidole, husubiri dakika chache, hupewa jibu lake. Ana haki ya kuuliza kwa nini saratani ya mlango wa kizazi nayo isipimwe vivyo hivyo, bila kuvua nguo na kulala kitandani mbele ya muuguzi ambaye huenda ni jirani yake, au wifi.

Sababu ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV. Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyeufichua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi hukaa kwenye utando wa juu wa mlango wa kizazi, havitembei na damu kama VVU. Kwa mwenye kinga imara, huweza kupita miaka 15 hadi 20 kabla seli zilizoharibika hazijawa saratani, na muda huo wote kwa kawaida damu haina cha kuonyesha. Vipande vya vinasaba vya HPV huonekana humo hasa saratani ikishapenya. Ndiyo maana watafiti wanavitumia zaidi kumfuatilia mgonjwa aliyetibiwa.

Uingereza ilianza mwaka 2021 kujaribu Galleri, kipimo cha damu kinachosaka saratani za aina nyingi kwa pamoja, kwa watu wapatao 140,000. Kazi hiyo ina maana, lakini kinachosakwa ni saratani iliyokwishaingia. Kwa mlango wa kizazi huko ni kuchelewa: seli zinatakiwa zikutwe mapema, zichomwe kwa joto au zigandishwe, na mama arudi nyumbani siku hiyohiyo.

Anayemwambia mwanamke kwamba damu yake pekee imethibitisha usalama wa mlango wa kizazi anampotosha.

Tena aibu ya kitandani imeshapata ufumbuzi. Shirika la Afya Duniani linakubali mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani, na maabara itafute HPV. Linashauri aanze akiwa na miaka 30, arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ni takriban mara sita, aanze na miaka 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5.

Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja nchi nzima wasichana wa miaka 14. Mama zao chanjo hiyo haikuwakuta. Wao wanahitaji kupimwa. Mashine za GeneXpert, zinazopima makohozi ya kifua kikuu hospitalini, zinaweza kupima HPV pia zikipewa katriji zake. Basi Wizara ya Afya ipeleke vijiti hivyo kliniki za huduma za VVU (CTC) na za watoto, wanakofika kina mama tayari, na itenge fedha za kumfuatilia kila atakayekutwa na virusi mpaka atibiwe.