Simba wa Mawe Hawasomi

Tumechoka kuambiwa ati vijana wa Nairobi hawasomi. Wasome wapi?

Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, ikawa ya Wazungu pekee hadi 1958. Leo ukiwapita wale simba wa mawe mlangoni hakuna wa kukuuliza rangi. Sawa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4 jijini, na maktaba za jiji lenyewe ni tatu: McMillan, Kaloleni na Makadara. Tatu, jamani! Hata kuzikarabati hizo za mitaani kulisukumwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na akina dada wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Heko kwao, aibu kwa wenye bajeti.

Sisi tunaotaka kuandika, tutamwandikia nani ikiwa msomaji wetu lazima achague kati ya riwaya na unga? Nataka maktaba karibu na stendi ya matatu, ifungwe usiku, rafu zijae Kiswahili. Mgombea akija mtaani na fulana za bure, mwulize: vitabu je?